Mama wa Mkasi: Maisha ya Rosanda Drulović, 1951–2025

Rosanda Drulović, tuliyemsindikiza leo hapa makaburini Prijepolje, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Kamena Gora, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Krsman na Bi Stamena Bajčetić. Aliyenipa kazi ya kuandika haya ni binti yake, Vidosava. Nilimwambia mimi si wa ukoo, atafute mpwa au binamu. Akanijibu, "Radenko, acha maneno yako. Mimi nimekaa Linz miaka ishirini na nane. Majira haya ya baridi nani alimpelekea kuni?" Basi nasoma mimi, Radenko Kijanović, na nikikwama mnivumilie.

Utoto wake ulikuwa wa kondoo na theluji. Mzee Krsman alikuwa na mkasi mmoja mkubwa wa kukatia sufu. Kila mwisho wa Mei aliwakata kondoo, na akimaliza aliwapanga watoto wake kwenye gogo lilelile, kwa mkasi uleule. Kondoo walitangulia kwa sababu sufu yao iliuzika. Rosanda alipokuwa na miaka saba alimpokonya baba yake mkasi, akamwambia, "Baba, leo kaa wewe." Mzee, kwa kucheka, akakaa. Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka sokoni akiwa kimya, mkewe akamuuliza kulikoni. Akasema watu watatu wamemuuliza kama anaoa tena.

Alisoma miaka minne ya kwanza kijijini na minne mingine hapa mjini, akiishi kwa shangazi yake. Mwaka 1966 aliingia shule ya ufundi Užice kujifunza ususi na ukataji wa nywele, akahitimu Juni 1969. Mzee Krsman alitaka asomee ualimu. Alipoletewa cheti alikitazama pande zote mbili, kisha akauliza kama wamemfundisha kukata na kondoo.

Alifanya kazi miaka kumi katika saluni ya ushirika. Tarehe 3 Machi 1980 akafungua yake, karibu na kituo cha mabasi, yenye viti viwili na ubao wa kuweka juu ya mikono ya kiti ili watoto wafikie kioo. Wengi mliosimama hapa mmekalia ubao ule. Mtoto akianza kulia, alimwinamia na kumwambia kwa sauti ya mtu mwenye shida zake, "Usilie, mwanangu. Ukilia nywele zinalowa, zikilowa zinakatika vibaya, na lawama zote zangu." Mtoto alinyamaza akilifikiria jambo hilo, na akimaliza kufikiri ameshakatwa.

Ila alikuwa na sharti moja. Mtoto ambaye hajawahi kukatwa hakukalia ubao ule. "Rudi naye nyumbani," aliwaambia kina mama. "Saluni ni ya nywele za pili." Kwa ajili ya wakwe waliotoka Linz niseme tu kwamba kwetu nywele za kwanza za mtoto hazikatwi ovyo. Anaalikwa mtu asiye wa damu, anakuja nyumbani, mbele ya watu anakata vishungi vinne, cha mbele, cha nyuma, cha kulia na cha kushoto, na anamvika mtoto shati jipya. Kuanzia siku hiyo ni baba au mama wa mkasi wa mtoto huyo, ndugu kuliko ndugu, mpaka kaburini. Rosanda aliuheshimu udugu huo, na hakutaka uokotwe kwenye foleni ya saluni.

Tarehe 17 Novemba 1974 alifunga ndoa na Obrad Drulović, fundi wa ishara za reli, mtu mpole ambaye maisha yake yote alikatwa nywele bure na maisha yake yote alilalamika kwamba zimekatwa fupi. Walijaliwa binti mmoja, Vidosava, mwaka 1976. Obrad alitutoka mwaka 2016.

Sasa nieleze kwa nini nasimama hapa.

Ijumaa, tarehe 23 Septemba 1988, ilikuwa siku ya soko. Rosanda alikuwa na bibi harusi chini ya mashine ya kukaushia na wanawake watatu wanangoja. Mama yangu, Ilonka, akaingia amenibeba. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu, nywele zinaniingia machoni. Mama alitoka Senta, huko tambarare, na kwao mtoto akisumbuliwa na nywele anapelekwa saluni, basi. Nyumbani kwetu walikuwa wamemwambia apike vizuri Jumapili kwa sababu mgeni anakuja. Kwamba mgeni huyo ni Mzee Bogić Šaponjić, ambaye ukoo wake umetukatia watoto vizazi vitatu, na anakuja kukata zangu, hakuna aliyejisumbua kumwambia. Alikuwa mkwe tu, wa kupika.

Rosanda akaniweka kwenye ubao, akakata kishungi cha mbele, akauliza, "Mbona ndefu hivi, mama? Mmeziacha tangu lini?"

"Tangu azaliwe," mama akasema.

"Tangu azaliwe kivipi?"

"Ndiyo mara yake ya kwanza. Kwani nimekosea?"

Bibi harusi akatoa kichwa chini ya mashine, akasema, "Rosa, mpe kofia arudi nayo nyumbani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema marehemu.

Akafunga mlango. Akakata cha nyuma, cha kulia na cha kushoto, kwa sababu aliona udugu wa nusu ni matusi kwa mtoto. Kisha akavua koti la kazi, akanunua shati dogo jeupe dukani, akamshika mama yangu mkono, wakaja nyumbani kwetu.

Babu yangu, Mzee Vitomir, alikuwa uani.

"Mzee Vitomir," akamwambia, "nimemkata mjukuu wako nywele za kwanza."

"Nywele za kwanza! Bora ungemkata sikio!" babu akapiga kelele. "Bogić anakuja keshokutwa na dume la kondoo! Nimwambie nini? Kwamba nyumba yangu imepata udugu wa saluni?"

"Mwambie kosa ni langu. Mkweo hana kosa hata chembe. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyepaswa kuuliza." Aliyasema kwa sauti kubwa majirani wasikie, na walisikia. Mama yangu ameniambia mara nyingi kwamba bila maneno yale angefungiwa virago jioni hiyohiyo.

Babu alilitupa shati nje ya uzio. Rosanda akaliokota, akalikung'uta, akalitundika kwenye uzio, akaenda zake. Mzee Bogić alizipata habari Jumapili akiwa kwenye kona ya chini ya barabara yetu, akageuza gari na dume lake, na miaka sita hakutusalimia.

Babu alipiga marufuku. Rosanda asikanyage kwetu, nasi tusikanyage kwake. Lakini kila tarehe 23 Septemba shati jipya lilikutwa limetundikwa kwenye uzio, la kipimo changu hasa, kwa kuwa alinipima kwa macho nikipita kwenda shule. Babu aliyachukua mashati hayo, akalivika sanamu la kufukuzia kunguru. Lile sanamu lilikuwa linavaa vizuri kuliko mimi.

Na kwa kuwa saluni ya karibu ilikuwa hiyo moja na imekatazwa, mama alinikata mwenyewe jikoni, kwa mkasi wa kushonea. Alijitahidi, maskini. Nilipita kituoni kichwa changu kama shamba lililoingiliwa na mbuzi, na Rosanda akaniona kupitia dirishani. Jamani, aliteseka! Alikuwa anatoka mbio, mteja amemwacha na povu kichwani: "Radenko! Mwanangu! Upande wa kushoto tu! Dakika moja!" Wenzangu walikufa kwa kicheko. Siku moja, nikiwa na miaka kumi, niligeuka nikamwambia mbele yao, "Wewe si mama yangu wa chochote!" Akasema, "Haya, mwanangu, nenda, utachelewa." Hakutoka tena kuniita. Mashati yaliendelea.

Babu alifariki mwaka 2009. Naomba mlisikie hilo vizuri, kwa sababu nimelitumia jina lake kujifichia. Nilipofunga ndoa, tarehe 14 Juni 2014, alikuwa na miaka mitano kaburini na hapakuwa na wa kunizuia. Kwa desturi, aliyenikata nywele ndiye aliyepaswa kusimama nami kanisani. Nilimsimamisha mjukuu wa Mzee Bogić, nikiogopa midomo ya watu, nisichekwe kwa udugu wa kituo cha mabasi. Marehemu alikuja mpaka getini kwetu, amevaa vizuri, ana kifurushi cha karatasi mkononi. Nilimwona. Tulikuwa umbali wa kutoka hapa hadi kwenye msalaba ule. Nikamwambia dereva aondoe gari. Mke wangu aliniuliza yule mama ni nani, nikasema ni mtu wa saluni.

Shati la harusi nililikuta kwenye uzio.

Alifunga saluni mwaka 2015. Tarehe 23 Septemba 2024, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita, uzio ulikuwa mtupu. Nilizunguka nyumba nikidhani upepo umelichukua. Saa kumi jioni nikaenda kwake, nikagonga mlango ambao sikuwahi kuugonga. Akafungua, amekonda, ameshika ukuta. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nisamehe, mwanangu. Miguu haikunifikisha dukani."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Mwezi Oktoba madaktari waliona saratani ya kongosho. Hakutaka kwenda Linz. Nilimpelekea kuni, supu, dawa, na tuliongea mambo ya kawaida, bei ya kuni, mafua ya watoto. Mwezi Aprili mwaka huu nikajikaza nikamwambia kwamba binti yangu Kalina, mwenye miaka miwili, hajakatwa bado.

"Naona," akasema. "Nywele zinamwingia kwenye uji."

"Nataka umkate wewe. Nyumbani kwangu. Mezani."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Akajifunika uso kwa taulo alilokuwa nalo mapajani. Kisha akauliza, "Akina Šaponjić umewaambia? Safari hii waambiwe kwanza." Nikasema nimewaambia, na wamekubali. Tukapanga Jumapili, tarehe 4 Mei. Vidosava, aliyekuwa amekuja kumuuguza, amenihadithia kwamba tangu siku hiyo mama yake alikaa kitandani kila asubuhi akikata nyuzi za pindo la taulo, moja moja, kuona kama mkono unatetemeka.

Ndugu zangu, tarehe 4 Mei alikuwa na nguvu. Alikuwa amevaa, anangoja. Mimi ndiye niliyeahirisha. Nilitaka hema kubwa, wapiga zeze, mji mzima, kulipa aibu ya miaka yote kwa siku moja. Hema lilikuwa limekodiwa na wengine hadi tarehe 22, nikasogeza shughuli mpaka Jumapili, tarehe 25. Nikampigia simu.

"Hema la nini, Radenko?" akasema. "Mtoto, kiti, taulo. Hata jikoni panatosha."

"Nataka watu waone."

"Haya," akasema. "Kama ni ili waone, nitangoja."

Alingoja siku kumi na nane. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 22 Mei 2025, alimwuliza Vidosava leo ni siku gani, akaambiwa, akasema, "Bado tatu." Saa nne asubuhi akakata roho nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na nne.

Leo ni Jumamosi. Kesho ndiyo siku yenyewe. Hema limesimama uani kwangu tangu jana, na tukitoka hapa mtakula chakula cha matanga chini yake. Kalina yule kule, kwenye mikono ya mke wangu, nywele zinamwingia machoni. Ameniuliza asubuhi bibi wa mkasi anakuja saa ngapi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Vidosava, na mumewe Ernst. Wajukuu wawili, Lukas na Obrad mdogo. Kaka yake, Mzee Svetozar, wa Kamena Gora. Wapwa na majirani wengi. Na mtoto mmoja wa mkasi, ambaye alimwona getini akaondoa gari.

Mama yangu wa mkasi, watu wamekuja. Wamejaa mpaka barabarani. Nimewaambia wewe ni nani wangu, na wote wamesikia isipokuwa wewe. Mungu akupokee, akulaze pema, na aniwekee huko mbele nafasi ya kukuomba radhi.