Gatimu, Aliyechagua Wachezaji kwa Babu Zao

Wasikilizaji wapendwa, haya nitakayosema ni kweli tupu. Naapa. Atakayenikuta na uongo, nampa beberu wangu mweusi, yule mnayemjua hapa Majengo kwa kula matangazo ukutani.

Leo tunamkumbuka Mzee Gatimu wa Othaya. Gatimu ndiye aliyeichagulia wachezaji wapya timu yetu ya kulipwa ya mpira wa kikapu, Chui wa Nyeri. Kila mwaka, kijana mmoja. Hakutazama urefu. Hakutazama mikono. Aliuliza tu, "Wewe umepewa jina la babu gani?"

Mjane wake, Mama Wangechi, aliniambia: "Alisema kijana na babu aliyerithi jina lake ni mtu mmoja. Ukichagua huyu, umechagua yule."

Hapo ndipo ubaya ulipoingia.

Alimchagua Kinuthia. Babu yake aligusa dari ya kanisa bila kupanda kiti. Lakini babu huyo aliteleza mtoni Gura, akavunjika goti la kushoto. Mechi ya kwanza, Kinuthia akaruka, akashuka vibaya. Goti. La kushoto, wasikilizaji.

Akamchagua Munene. Babu yake alikwenda Timau kuvuna ngano, hakurudi. Munene naye alitoka mazoezini kufuata chupa ya maji. Hadi leo. Jezi yake ingali msumarini, hakuna anayeigusa.

Kabla ya kufariki wiki iliyopita, Gatimu alimchagua wa mwisho: Wamae. Kesho kijana huyo anatia sahihi mkataba. Na babu yake, Mzee Wamae? Alipigwa na radi akichuma parachichi. Akafa palepale, mikono juu, kama anayerusha mpira kikapuni. Meneja Moffat wa Chui, kama unanisikia, ficha hiyo kalamu!

Ngoja kidogo, kuna simu. Karibu, uko hewani.

"Hezekiah, habari yako."

Njema, mzee. Nani mwenzangu?

"Ni Wamae. Ule mzee umeua na radi."

Wasikilizaji... mitambo inasumbua kidogo.

"Mitambo iko sawa! Niko hapa kwa matanga ya Gatimu, watu wote wanasikiza redio. Ati nilikufa lini? Mjukuu wangu amengoja hii kazi tangu amalize shule, na wewe unataka kumharibia? Asaini. Na huyo beberu lete leo, waombolezaji hawajakula."

Nyuma yake namsikia Mama Wangechi: "Mwambie asilete kamba tupu!"

Basi, wasikilizaji wapendwa, huyo anayelia nje ya studio ni beberu wangu. Anapakiwa kwenye pikapu kwenda Othaya. Meneja Moffat, rudisha kalamu mezani, kijana atie sahihi. Mama Wangechi na familia yote ya Gatimu, poleni sana. Sisi tuliobaki tujiulize, haya majina tuliyobebeshwa yanatutaka nini.

Na hiyo ngurumo mnayoisikia upande wa milima ya Aberdare, mimi sijasema kitu.