Mzee Ngatia na Ua la Wazazi Wawili

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha utafiti wa maua hapa Nyeri, Mzee Hezekiah Ngatia anastaafu tarehe 31 Desemba 1979. Nimeombwa kuandika kwa sababu mimi na yeye tunatumia meza moja ya maabara. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hivyo nitaeleza vile ninavyojua.

Mzee alianza kwa kunyunyizia miche maji. Baada ya uhuru akaingizwa maabara, akafundishwa kukata ncha ya mzizi, kuipaka rangi, kuiweka katikati ya vioo na kuifinya kwa kidole gumba. Ukifinya kidogo, kwa hadubini utaona rundo tu. Ukizidisha, seli zinapasuka. Hata kanisani watu wakimpa mkono humtania, "Ngatia, usitufinye."

Mwaka wa 1974, katikati ya vitalu viwili liliota ua geni. Rangi ilikuwa ya kitalu hiki, majani ya kile, na lilikuwa limejaa mbegu. Wakubwa walisema ati ni ua la kawaida lililoletwa na upepo. Kitalu king'olewe, vipandwe viazi, na sisi vibarua twende nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na Watiri mgongoni, bado ananyonya, na hatukuwa na tegemeo lingine.

Mtaalamu wetu, Bi. Gita, akaomba tungoje ushahidi wa mizizi, tujue kama ni ua jipya. Lakini ilikuwa Julai, ukungu kila siku, na kwa baridi ile mizizi ilikataa kukua. Mzee alifinya vioo asione kitu. Mwishowe akabeba vyungu vya maua hadi nyumbani kwake mtaani Skuta, akavipanga jikoni karibu na moto. Mkewe, Mama Kingori, akatangazia majirani kwamba mzee huyu hatimaye amemletea maua. Alipoambiwa ni ya ofisi akajibu, "Basi ofisi ikupikie."

Kwa joto lile mizizi ikakubali. Ndani ya kila seli kuna vijiuzi vinavyoitwa kromosomu. Ua la kitalu cha kwanza lina kumi na nne, la kitalu cha pili kumi na sita. Mtoto wao wa kawaida angechukua nusu huku na nusu kule, vijiuzi vikose wenzao, naye akose mbegu. Huyu alikuwa na thelathini. Amebeba vyote vya babake na vyote vya mamake, kila kimoja na mwenzake. Mzee akaniita. "Mama Watiri, hebu chungulia. Hivi virefu ni vya babake. Vifupi ni vya mamake."

Kitalu kikabaki, na sisi tukabaki. Leo maua hayo yamepandwa hadi Timau, na Watiri anaanza shule Januari.

Mwaka huu Mzee alinipisha kwenye kiti chake. Vioo vyangu vya kwanza vilipasua kila kitu. Akasema, "Polepole, kama unamkanda mtoto tumbo." Wiki jana nilifinya kimoja peke yangu. Alikitazama kwa muda mrefu, hakurekebisha chochote, akavaa koti akaenda chai.

Asante, Mzee. Tunakuombea afya, wewe na Mama Kingori, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua litoke. Kazi tutaiangalia.