Shaffie Bacchus Aweka Kisu Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, ndugu Shaffie Bacchus, mchinjaji mkuu wa machinjio yetu ya kuku hapa Corentyne, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Kila mtu humwita Chacha, yaani baba mdogo, hata wanaomzidi cheo. Uongozi umeniomba mimi, Nizam Ghanie, niandike wasifu wake kwa sababu nimesimama kushoto kwake kwenye mnyororo unaopitisha kuku kwa miaka ishirini na miwili. Wameniambia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa bega langu la kulia liliuaga uchangamfu mwaka juzi.

Chacha aliajiriwa kubeba makreti. Alipewa kisu baada ya Moulvi Rayman, shehe na mkaguzi wetu wa halali, kumtazama kwa miezi mitatu. Masharti mnayajua. Kuku awe hai, aelekezwe kibla, kisu kiwe kikali. Mkato mmoja upite njia ya pumzi, njia ya chakula na mishipa miwili ya shingo, bila kichwa kudondoka. Damu itoke na kuku atulie kabisa kabla ya kuingia maji ya moto. Na jina la Mwenyezi Mungu litajwe juu ya kila kuku, si juu ya kreti zima. Hilo la mwisho ndilo linalochosha kuliko yote. Mkono ukiuma unachuliwa kwa mafuta ya nazi, lakini ulimi hakuna wa kuuchua.

Hakuwahi kunoa kisu mbele ya kuku. Meneja mmoja mgeni aliyemwona akitoka uani na kinoo chake alikasirika.

“Chacha, unapoteza hatua arobaini! Kuku ana akili gani ya kujua kisu?”

“Kuku sijui, bosi. Mimi ninayo,” alijibu, akaendelea na safari yake. Mkewe, Bi Zaboon, anasema hata nyumbani huficha kisu nyuma ya mgongo anapolifuata boga.

Lakini watu humkumbuka zaidi kwa mkesha wa Idi wa miaka kumi na saba iliyopita, na wengi humkumbuka vibaya. Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani. Mchinjaji wa tatu alikuwa na homa, kwa hiyo mimi na Chacha tukafanya kazi ya watatu, tumefunga, kwenye joto lile mnalolijua. Kuku mia sita wa oda ya Idi walikuwa wanangojewa na vijiji vitatu. Kama saa nane mchana, Moulvi Rayman alipita nyuma yetu, akasimama, akaamuru mnyororo uzimwe.

“Mbona sisikii kitu?” aliuliza.

Chacha aliweka kisu chini. Alisema tangu adhuhuri amechinja kuku kadhaa bila kutaja jina la Mungu. Labda arobaini, labda zaidi, na hakuweza kujua ni wepi.

Moulvi, ambaye naye alikuwa amechoka, alimfungulia mlango. “Sema ulisahau, Shaffie. Aliyesahau amesamehewa, na nyama ni halali.”

Bi Indranie, msimamizi wa zamu, ambaye ni Mhindu lakini masharti yetu anayajua kutuzidi, alimsihi karibu na machozi. “Neno moja tu, kaka. ‘Nilisahau.’ Watu wasikose kitoweo cha Idi!”

“Sikusahau, dada,” alisema Chacha. “Nilikumbuka kila mara. Nilichoka, nikaacha.”

Aliyeacha akijua, alichochinja ni kibudu. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatenganisha, kuku wote mia sita walitolewa kwenye oda. Wenzetu Wakristo na Wahindu waliwachukua bure, na hadi leo wanamshukuru. Waislamu walikula Idi bila kuku. Bi Zaboon alikwenda kuswali, na wanawake wakampa mgongo. Chacha alinyang’anywa kisu, akaosha makreti kwa miaka miwili.

Siku aliyorudishiwa kisu, alisimama mahali pake, akanitazama, akasema: “Ghanie, kuanzia leo tunasema kwa sauti. Wewe unisikie, mimi nikusikie.” Wageni wanaotutembelea hudhani ni ucha Mungu wa ziada, na mmoja alitupiga picha. Akina dada wa kufungasha wanasema tunanguruma kama mashine mbili za kukoboa mpunga. Mwaka huohuo Chacha aliudai uongozi dakika kumi za mapumziko kila saa mpaka wakampa, na kila mnapokunywa maji, mnakunywa kwa jasho lake.

Sasa niseme langu, maana nimechoka kulibeba. Siku ile, Moulvi alipomaliza na Chacha, aligeuka akaniuliza mimi. Nilisema jina la Mungu nimelitaja kwa kila kuku. Niliogopa kupoteza kazi, na mke wangu alikuwa mjamzito. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenyamaza tangu kabla ya Chacha, na wangu walikuwa wengi kuliko wake. Angesema tu alisahau, kuku wangu wangekwenda na muhuri wa halali, na vijiji vitatu vingekula kibudu cha mkono wangu siku ya Idi. Walitolewa pamoja na wake kwa sababu yeye alisema kweli. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu. Alijua. Miaka miwili aliosha makreti yangu, hakuniuliza hata siku moja, na mimi sikumwomba radhi mpaka leo hii ninapoandika.

Chacha, nisamehe. Wafanyakazi wote wanakushukuru, na Bi Zaboon ameahidi kukupikia mchuzi wa bata na kumfukuza jogoo yeyote atakayewika dirishani kwako. Mungu akupe afya, usingizi mrefu na bega lisilouma. Asubuhi ukipita na baiskeli yako, punguza mwendo karibu na ukuta wetu wa kibla. Nitakuwa peke yangu pale, na utanisikia.