Bwana Asali na Msimu wa Madume

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, tarehe thelathini, mwenzetu tuliyezoea kumwita Bwana Asali atavua koti lake jeupe baada ya kukitumikia kituo chetu cha kufugia nyigu kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa kituo ameniomba mimi, fundi cherehani ninayeshona neti za vizimba, nimwandikie ukurasa huu wa jarida letu. Nadhani nimepewa kazi hii kwa kuwa nimekaa naye karibu kuliko wengine, maana elimu yangu ya darasani ni ndogo na mkono wangu umezoea chaki ya kupimia kitambaa kuliko kalamu.

Nilipompelekea habari hiyo alikuwa ameinama kwenye kizimba, anabadilisha pamba. Hakuinua kichwa. Alisema niandike, ila niweke na ule msimu wa madume. Nisipouweka, basi niache ukurasa mtupu, waweke picha ya kabichi. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kwa hiyo nimeuweka, kwa ruhusa yake na ya mkewe, na Mungu anisimamie nisizidishe wala nisipunguze.

Alianzia kwenye ndoo ya kumwagilia. Siku hizo kituo kilikuwa vyumba vitatu vya bati: kimoja cha miche ya kabichi, cha pili cha viwavi wanaokula hiyo miche, cha tatu cha nyigu wanaowamaliza hao viwavi. Wageni wakisikia neno nyigu hurudi nyuma. Wa kwetu ni wadogo kama sisimizi na hawana habari na binadamu. Jike anamtafuta kiwavi wa kabichi, anamchoma na kumtia yai mwilini. Yai linaangua funza, na funza yule anamla kiwavi kwa ndani, pole pole, huku kiwavi mwenyewe akiendelea kutafuna jani wala hajui kwamba ameshakwisha. Siku zikitimia funza anatoboa na kutoka, anajifungia kwenye kifukofuko cheupe kidogo kuliko punje ya mchele, na humo anatoka nyigu mwingine. Kiwavi anabaki ganda. Mara ya kwanza kuonyeshwa hayo kwenye darubini, mimi sikula chakula cha mchana. Bwana Asali aliniambia niombe msamaha kwa Mungu kwa kumwonea huruma mwizi wa kabichi.

Jina lake limetokana na hiyo pamba. Nyigu akishakuwa mkubwa chakula chake ni asali, na kila asubuhi mwenzetu aliiloweka pamba kwenye asali na kuwatundikia vizimbani. Vitasa vya milango vilinata. Kalamu zilinata. Mkuu wetu wa zamani aliwahi kupeana naye mkono kabla ya kikao, na kikao kizima akawa anabandua karatasi kwenye vidole. Kuna pia yule mgeni mwenye cheo aliyetutembelea amevaa mavazi ya kurinia asali, glavu hadi kwenye viwiko na wavu usoni, akasimama katikati ya chumba akauliza hao nyigu wenyewe wako wapi. Bwana Asali alimjibu kwa adabu zote kwamba wengine walikuwa wanatembea kwenye pua ya mheshimiwa, upande wa nje wa wavu.

Kwenye masharti ya kazi hakuwa na mswalie Mtume. Aliyeingia chumba cha nyigu harudi chumba cha viwavi siku hiyo, hata awe nani, kwa sababu jike mmoja aliyejificha kwenye mkunjo wa shati anatosha kutumalizia mifugo. Alimzuia mkuu wa kituo mlangoni na kumwomba arudi kesho, akiwa ameoga.

Sharti moja tu ndilo alilolilegeza, mara moja, na ndilo hilo alilotaka liandikwe.

Nyigu wanapotoka kwenye vifukofuko tunawaweka madume na majike katika kizimba kimoja chenye mwanga na asali, siku mbili hivi, kabla ya kuwapeleka majike kwa viwavi. Kizimba hicho tunakiita fungate. Sababu yake ni hii, nami naieleza kama nilivyoelezwa: jike wa nyigu hawa asipokutana na dume bado anataga, na mayai yake yanaangua vizuri kabisa, lakini wote wanaozaliwa ni madume. Na dume hana mwiba wa kutagia. Hawezi kumdhuru kiwavi hata wa dawa. Kazi yake ni kuruka na kunywa asali.

Msimu ule viwavi walikuwa wamechachamaa na dawa za madukani zilikuwa haziwatishi tena. Wakulima walijaa getini kwetu. Mmoja wao alikuwa baba mkwe wa Bwana Asali, mzee wa kabichi, aliyekuwa amekubaliana na shule moja ya bweni kuilisha muhula mzima. Mzee huyu aliwazungukia majirani zake wote wa bondeni, akawaomba waweke pampu chini, maana dawa ingewaua nyigu pamoja na viwavi. Walikuwa wazito. Aliwaambia anayefuga wadudu hao ni mkwewe, na neno la mkwewe ni neno lake. Wakaziweka pampu chini.

Ukweni kunasubiri, mke ameshajivuna kwa dada zake, na wewe ndiye mwenye funguo za chumba. Ndugu yetu akaona siku mbili za fungate ni nyingi. Akawa anawahamisha majike asubuhi ileile wanayotoka, kabla hawajasalimiana na mtu, ili apate nyigu wengi upesi. Na kweli walikuja wengi. Vifukofuko vilijaa kwenye trei, nikashona mifuko ya neti ya ziada, tukapongezana. Maboksi yalipofunguliwa shambani nyigu walipanda juu kama moshi, na mzee akavua kofia.

Kabichi zililiwa mpaka zikabaki mishipa. Nyigu walionekana kila mahali, wanaruka huku na huko, na viwavi chini wanakula bila wasiwasi. Jirani mmoja alimwambia mzee kwa sauti, watu wote wasikie: "Wageni wa mkweo ni wachezaji hodari, ila kazi hawajafundishwa."

Mtaalamu wetu wa maabara, tunayemwita Dada Darubini, alileta nyigu kutoka shambani akawatazama mmoja mmoja. Papasi za kichwani ndefu, mwiba hakuna. Dume. Dume. Dume tena. Aliinua uso akamuuliza mwenzetu fungate ilichukua muda gani. Mwenzetu alikwenda kwenye sinki kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu sana.

Mpaka hapo ni kosa la kazi, na kosa la kazi lina dawa yake. Aibu imeanzia mbele kidogo. Mzee alipokuja kuuliza kulikoni, Bwana Asali alimwambia ni jua. Jua kali liliwaua majike njiani. Na sisi huku kituoni lile jua tukalipenda. Taarifa ya msimu ikaandikwa jua. Hakuna aliyetuma mtu bondeni kusema vingine, maana jua halina mtu wa kulitetea.

Shule ikanunua kabichi kwingine. Majirani wakamgeukia mzee, naye alikuwa na jibu moja tu. Siku moja wamekaa kikao cha wakulima, wanamsonga kwa maneno, akasimama akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni jua, na kwamba mkwe wake si mwongo. Binti yake, mke wa Bwana Asali, ambaye mimi humwita shemeji, alikuwepo. Naye alikuwa anaujua ukweli tangu mwanzo, kwa sababu mumewe hamfichi kitu. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe alichokisikia, neno kwa neno, akaingia jikoni.

Baada ya hapo ndipo ndugu yetu alipokuja kwenye cherehani yangu akaniomba nimsindikize ukweni. Mtu hapeleki jambo kama lile peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake alipooa, nikajisemea basi, leo nimekuwa mshenga wa aibu.

Alikuwa ameomba majirani waitwe wote, nao walikuja, wengine kwa hamu ya kuona. Alipewa kiti, hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama katikati ya sebule: fungate, madume, na jua ambalo halikuwepo. Waliposikia habari ya madume watu walianza kucheka, mmoja akauliza kama kweli boksi zima halikuwa na mke hata wa kusingiziwa. Mzee hakucheka. Mama mkwe aliacha kumimina chai, birika likabaki hewani.

Mzee alisema: "Hilo la madume nimelielewa. Ulikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa yangu. La jua silielewi. Mimi nililiapia lile jua."

Bwana Asali alipiga magoti. Mzee akamwambia ainuke, watu wanatazama. Kisha akatoa uamuzi wake, polepole, bila hasira: shambani anakaribishwa kama mtu wa nyigu, kwa kuwa viwavi bado wapo. Nyumbani mwake, asubiri aitwe.

Chai hatukuinywa. Njiani nilimwombea kimoyomoyo.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa kituo akataka neno jua lifutwe kwenye taarifa. Mkuu alikasirika, tukawa na siku chache za kununiana, lakini lilifutwa, na ninaamini heshima ya kituo hiki imesimama juu ya kufutwa kule kuliko juu ya vyeti vilivyotundikwa mapokezi. Msimu uliofuata alipeleka nyigu bondeni, majike kwa madume, waliokamilisha fungate yao. Walipokelewa na shamba moja tu, la mzee. Majirani walirudi mmoja mmoja walipoona kabichi zake zinafunga. Leo bonde lile halijui harufu ya dawa ya viwavi, na mabonde mengine manne yanapata nyigu wanaotokana na mkono wake. Kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, Bwana Asali humsimamisha mbele ya kizimba cha fungate na kumsimulia kisa hiki mwenyewe, bila kujipunguzia. Wengi wetu tulikuwa tunaona haya kwa niaba yake. Yeye anasema aibu ni bora kuioga mapema.

Lakini mzee hakumwita. Miaka imekwenda, watoto wamekua, na kila wakienda kumsalimia babu yao, baba yao huwafikisha getini na kurudi. Shambani wanakutana vizuri tu. Wanaongea mvua, wanageuza majani, wanacheka hata. Nyigu wakishatoka kwenye boksi, mtu wa nyigu anaaga na kwenda zake. Hajawahi kuomba zaidi ya hapo. Nilimuuliza kwa nini, akasema aliyesababisha kiapo cha uongo hana mdomo wa kuomba.

Hivyo msishangae kwamba kustaafu kumemtia hofu. Mwezi uliopita alikuja kukaa karibu na cherehani, akaniambia akishavua koti lile mtu wa nyigu hayupo tena, sasa atakwenda pale kama nani. Alimwomba mkuu amwongezee mwaka mmoja, hata wa kumwagilia miche. Mkuu alisikitika, sheria hairuhusu. Sijazoea kumwona mtu mzima akitoka ofisini ameinamisha uso namna ile.

Wiki iliyopita shemeji alikwenda kwa baba yake, ambaye sasa ni mzee sana na macho yamepungua nuru, akamtajia tarehe. Mzee aliuliza ni nani atakayeleta nyigu msimu ujao. Akaambiwa ameshapatikana mwingine. Kisha akasema:

"Huyo mwingine aje shambani. Mumeo, siku hiyo akishamaliza, mwambie aje nyumbani."

Shemeji alipofikisha ujumbe, ndugu yetu aliacha chakula akatoka kusimama uani. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwangu, anataka nimsindikize tena. Nilikataa, na tangu tuanze urafiki sijapata kumkatalia kitu kwa furaha kama ile. Aliyeitwa hahitaji mshenga. Lakini akaniuliza akifika pale mlangoni, baada ya miaka yote hiyo, ataanza na neno gani. Nikamwambia nitalifikiria.

Kaka, nimelifikiria. Nimeliomba pia. Wenzako wa vyumba vyote vitatu tunakushukuru kwa mkono wako na kwa ukweli wako, hata ule uliochelewa. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na uzee wenye watu ndani yake. Ijumaa tukishakupigia makofi usikae kutusaidia kupanga viti. Chukua mkono wa mkeo, nendeni. Mkifika, simama mlangoni useme hodi, kama mtoto yeyote wa nyumba ile. Hakuna neno jingine linalotakiwa.