Sekunde Alizozikata Don Eligio

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Don Eligio Cáceres anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga picha, kusikiliza sauti na kuhariri katika Televisheni ya Mtoni, hapa mjini Encarnación. Uongozi umeniomba mimi niandike wasifu wake. Nadhani sababu ni kwamba hakuna mtangazaji aliyekosea mara nyingi mbele ya kamera yake kuliko mimi, na kwa kurudia-rudia huko ni mimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote.

Aliingia mwaka 1991 akiwa mbeba taa. Enzi hizo tulirekodi kwenye kanda, na Don Eligio alizipenda kanda kama wengine wanavyopenda farasi. Zilipokuja kamera za kadi, aliichukua ile kadi ya kwanza, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio, kisha akamrudishia mkurugenzi.

"Hiki ni kifungo cha shati, bosi. Kanda iko wapi?"

Kesho yake akaamua kuipa heshima yake. Akaibandika karatasi mgongoni kama alivyozoea kubandika kanda, akaandika tukio na tarehe kwa wino mzito, akaisukuma ndani ya kamera. Kuingia iliingia. Kutoka ikagoma. Gwaride zima la shule lilibaki limefungiwa humo mpaka Ña Blásida, mama yetu wa maktaba ya picha, alipolitoa kwa kibanio chake cha nyusi. Kibanio hicho bado kiko kwenye droo ya vifaa, na hakuna anayekiita kibanio. Kinaitwa Eligio.

Lakini ni yeye huyo huyo aliyetuwekea sheria tunayoishi nayo hadi leo: kadi haifutwi mpaka picha zake zimenakiliwa mahali pawili, na mtu mwingine amezitazama kwa macho yake mwenyewe. Nakala ya kwanza ni ya kuhariri. Ya pili inaingia kabatini kwa Ña Blásida ikiwa ghafi, kama ilivyopigwa, na hakuna wa kuigusa, hata Don Eligio. Ametukaripia sana kwa sheria hiyo. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumwomba afute kadi upesi, mechi inaanza. Don Eligio akamwambia, "Mechi itachezwa tena Jumapili. Hizi picha hazitachezwa tena." Akaendelea kunakili, huku akinywa tereré yake, ile chai yetu ya majani na maji baridi, taratibu, kama mtu aliye likizo.

Kuhusu sauti, masikio yake ni adhabu. Akivaa hedifoni anasikia mbwa wa mtaa wa tatu. Siku moja nikimhoji meya, alisimamisha kila kitu, akavua hedifoni upande mmoja.

"Samahani, bwana meya, kuna tumbo linaongea. Si lako. Ni la huyu ndugu yetu. Mpeni chipa kwanza."

Nikapewa chipa, mkate wetu wa jibini, nikala, meya akisubiri.

Na kuna ile leso ya mirabaraba. Kabla ya kila picha anasimama mbele ya kamera, anainama, anaifuta lenzi, anaikodolea macho, kisha anazunguka nyuma na kubonyeza kitufe. Sasa, kamera hizi za kadi zina tabia moja: ukizipanga hivyo, zinakumbuka sekunde chache za kabla hujabonyeza, ili jambo lisikupite. Kwa hiyo karibu kila picha iliyopigwa na Don Eligio inaanza na uso wa Don Eligio, mkubwa kama mwezi, matundu ya pua yakitangulia. Kazi yake ya kwanza mezani ni kukata sekunde hizo. "Takataka," husema, na zinakwenda. Ndiyo maana katika kazi yake ya miaka yote hii hutamwona popote.

Hata kwenye filamu ya harusi ya binti yake hayumo.

Hili tulilijua sote. Noelia aliolewa mwaka 2011, na Don Eligio hakukubali mtu mwingine ashike kamera. Aliomba ya kituo, akapewa. Aliyemshika Noelia mkono kumpeleka madhabahuni ni mjomba wake. Baba mtu alikuwa kule mbele, nyuma ya kamera. "Ningemwachia nani?" alituuliza, akinitazama mimi. Swali la haki.

Cha ajabu, picha ya bibi harusi akiingia kanisani ndiyo picha pekee yenye ukungu aliyowahi kupiga. Tumemtania kwa picha hiyo mpaka tumechoka. Mwanzoni alilaumu mishumaa. Baadaye akalaumu unyevu wa mto. Mwaka jana alifika hadi kulaumu manukato ya mama mkwe wa Noelia.

Mwezi huu Noelia alikuja ofisini kutuletea picha ya baba yake kwa ajili ya karatasi hii. Alikuwa nayo moja tu ya harusini, iliyopigwa na mgeni, na humo Don Eligio ametazama pembeni, anaichunga kamera. Noelia akaiweka mezani, akasema bila hasira, "Siku ile nilikuwa na mpiga picha. Baba sikuwa naye."

Ña Blásida akamuuliza, "Binti, umewahi kuona picha ghafi?"

"Ghafi zipi? Baba alisema alifuta."

"Alifuta kadi. Kabatini kwangu hafuti mtu. Sheria yake mwenyewe."

Tukafungua nakala ya pili. Uso wa Don Eligio ukatokea mbele ya keki, ukatokea mbele ya wanamuziki, leso mkononi, na tukacheka kila ulipotokea. Kisha ikaja ya kanisani. Anainama, anafuta lenzi. Anageuka kutazama mlango. Anabaki ametazama hivyo. Kisha anafuta macho kwa leso ile ile, anapenga kamasi, na kwa leso ile ile anarudi kuifuta lenzi.

Ukungu ukajaa kioo. Ndani ya ukungu huo Noelia akaingia kanisani.

"Rudisha, Ña," akasema Noelia.

Ña Blásida akarudisha.

"Tena."

Sikuhesabu ni mara ngapi. Mimi nilikwenda kutafuta chipa.

Don Eligio, hapa Paraguay mtu akisema asante kwenye duara la tereré, maana yake ametosheka, asimiminiwe tena. Kwa hiyo wenzako tumekubaliana kutokukushukuru. Bado hatujatosheka nawe. Njoo ukaripie utakapo, kibanio kipo pale pale.

Mchana huu, kabla nyama haijaiva, utaoneshwa filamu fupi. Noelia ameihariri mwenyewe, kwenye kiti chako. Ni sekunde zako zote za harusi ile, zimeungwa. Maungio ni mabaya. Tunakuomba ukae, usiinuke kwenda kurekebisha.

Baada ya hapo Noelia atasimama langoni, na kutoka langoni hadi kwenye meza kuna mwendo wa kutosha. Mjomba wake amesema mguu unamuuma. Anadanganya vizuri sana. Anahitajika mtu mwingine wa kumshika binti huyu mkono.

Kamera nitashika mimi. Lenzi sijaifuta, sauti sijaipima, na picha labda itatoka na ukungu. Wewe nenda langoni. Tunakuombea siku njema, nyingi, na katika zote uonekane.