Ta Avit na Mwangwi wa Novemba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Avit Lwakatare, ambaye sote tunamwita Ta Avit, anastaafu baada ya kuitumikia rada yetu ya kilimani Izigo kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kama fundi wa nyaya, akitoka Kahororo kila asubuhi na pikipiki yake, koti la mvua limefungwa nyuma hata kiangazi. Baadaye akakabidhiwa kusoma mwangwi. Rada hutuma mawimbi ya redio juu, kiasi kidogo hurudi kama mwangwi kutoka kwenye matabaka ya hewa, nasi tunapata vipimo vya upepo wa huko juu.

Sasa, kila Novemba mwangwi uliyumba. Kwingine wangeita fundi. Sisi wa Kagera tulisema ni senene, wale panzi watamu wanaotujia kwa makundi msimu huo! Ta Avit aliandika "senene" daftarini na kufuta vipimo vya siku hiyo, na wengine wetu (nami nilikuwemo) tukaandaa ndoo. Mara nyingi zilirudi tupu. Alifuta hivyo kwa miaka saba.

Mwaka 2014 alitazama kimo: kilomita kumi na tano. Akatuuliza ni senene gani huyo anayeruka juu kuliko ndege za abiria. Alipopekua daftari, siku zile zote zilikuwa na radi ziwani. Mawingu ya radi yalisukuma hewa, hewa ikapanda na kushuka kwa mawimbi kama maji, matabaka yakainama, na mwangwi ukarudi kutoka upande. Rada haikuwa na kosa lolote.

Wiki hiyohiyo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa ukuu wa kituo. Angenyamaza, nani angejua? Alisimama kikaoni akasema vipimo vile amevifuta yeye, na watabiri wa hali ya hewa waliovitegemea waambiwe. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ila hapandishwi cheo kila mara. Nafasi alipewa mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi.

Nilitegemea anichukie. Badala yake alinifundisha kuyasoma mawimbi hayo, na tangu hapo hatujafuta Novemba hata moja. Miaka yote hii, kila alipokuja ofisini kwangu, alibisha hodi na kusubiri aitwe, kana kwamba kiti kile hakikuwa haki yake. Kilikuwa haki yake. Sikuwahi kumwambia, na imeniuma. Namwambia leo mbele yenu wote.

Ta Avit, asante sana. Mungu akujalie afya na utulivu kibanjani, kwenye migomba yako, wewe na mkeo Ma Annastella. Tutakuja kukusalimia, na safari hii sisi ndio tutakaosimama mlangoni kusubiri.

Nuriat Ismail
Mkuu wa Kituo