Lita Moja ya Kahawa ya Bi Birika

Kati ya kituo cha mafuta na kibanda cha fundi cherehani kuna benchi la mbao lililokatika mguu mmoja, likategemezwa kwa tofali. Hapo ndipo Bi Birika anapouza kahawa, mwaka wa kumi na tisa huu. Buni anaikaanga mwenyewe, anaitwanga mwenyewe, anaichuja mara mbili kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuona sabuni, maana sabuni, anasema, haisahau kuacha salamu. Asubuhi moja, saa nne, wateja wake wa kila siku walipokwisha kukaa, aliwatangazia kwamba kikombe kilichokuwa sarafu mbili sasa ni tatu, kisha akaendelea kupepea makaa kama mtu aliyesema tu kuwa leo kuna jua. Buni ilikuwa imepanda. Kwa mbili ingembidi achanganye na mahindi ya kuungua kama wanavyofanya wenzake wa kule sokoni, na hilo hangelifanya hata kwa kushikiwa panga.

Wa kwanza kuruka alikuwa Honi, dereva wa teksi, ambaye hupiga honi hata kwa mbuzi aliyelala. Baba yake na Bi Birika walikuwa ndugu wa tumbo moja.

— Tatu! Shangazi, hata mimi? Mimi damu yako?

— Damu yangu nayo inakunywa kahawa. Lete tatu.

— Haya yote kayaleta huyu! Honi akamgeukia Pampu. Leo wamepandisha petroli mpaka thelathini kwa lita. Wao wakipanda, kila kitu kinawafuata, mpaka kikombe cha shangazi yangu!

Pampu ni mwuza mafuta wa kituo hicho. Ameshika mpira wa pampu miaka ishirini na miwili, na sare yake huipiga pasi mpaka mkunjo wa suruali unaweza kukata mkate.

— Mimi sipandishi bei, mimi namimina, alisema. Na tena nikwambie kitu, petroli ni rahisi. Mtaa mzima huu hakuna kimiminika rahisi kama petroli.

Sindano, fundi cherehani, alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

— Cheka, Pampu alimwambia. Yale mafuta ya cherehani yako, kichupa kama kidole gumba, unanunua bei gani?

— Kumi.

— Vichupa vingapi vinajaza lita?

Sindano alihesabu hewani.

— Kama thelathini hivi.

— Mia tatu! Mia tatu kwa lita, na cherehani yenyewe haijawahi kukufikisha hata nyumbani kwa mkeo.

— Inanifikisha. Nisiposhona hafungui mlango.

Bi Birika alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Walikuwa wamesahau ile tatu, na yeye hakuwa na haraka ya kuwakumbusha. Alijaza vikombe, akavisukuma mbele yao, akapokea sarafu mbili mbili, akaacha kiganja kikiwa wazi. Hakuna aliyekitazama.

Sindano naye hakutaka mafuta yake yawe ndiyo aibu ya benchi.

— Basi rangi ya kucha! Binti yangu ana kichupa ambacho hata mende hawezi kuogea. Ukijaza tangi la Honi kwa rangi ya kucha, kwa hela hiyo unajenga nyumba na uzio wake.

— Dawa ya macho je? Pampu alisema. Ile inahesabiwa matone! Ningekuwa nauza petroli kwa tone, saa hizi mngekuwa mnaniamkia mkiwa mmepiga magoti.

— Mnataja vitu vya kupaka na kudondosha, Honi akasema. Gari halipakwi. Mjomba wa mke wangu alikuwa na gari linatembea kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki.

— Likatembea?

— Vizuri sana! Tatizo paka. Akisimama kwenye taa nyekundu, nyuma anao kumi na wanane.

— Akafanyaje?

— Akauza gari. Paka walikataa kuhama.

— Nyinyi hamjui hata petroli inatoka wapi, Sindano alisema, akishusha sauti kama anatoa siri ya serikali. Ni mijusi. Mijusi wa zamani, mmoja kama ghorofa. Walikufa, wakafukiwa, wakaiva chini kwa chini. Sasa wewe Honi unapewa lita nzima ya mjusi aliyeiva miaka isiyohesabika kwa thelathini, halafu unanuna? Nenda buchani ukaulize bei ya mbuzi wa mwaka jana!

— Umesikia! Pampu alisimama, kifua mbele. Inachimbwa, inapikwa, inachujwa, inapanda meli, inapanda lori, inashuka kwenye shimo langu. Thelathini tu! Wakati huyu mama hapa...

Aliuma ulimi, lakini alikuwa amechelewa.

— Mama hapa nini? Bi Birika aliuliza. Kile kipande cha boksi anachopepelea makaa kilikuwa kimesimama.

— Si kwa ubaya, bi mkubwa. Nasema tu kahawa ni maji ya bomba na unga mweusi. Na ukiipima kwa lita inaishinda petroli kwa bei.

Bi Birika ameitwa mengi pale benchini, na yote aliyarudisha yakiwa na nyongeza. Lakini maji ya bomba! Alikuwa macho tangu alfajiri, ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu kama kwato kwa ajili ya kikaango kile.

— Petroli yako umeichimba wewe? aliuliza polepole.

— Hapana, lakini...

— Umeipika? Umeichuja? Imewahi kukuunguza hata ukucha? Wewe unashika mpira, baba, unatazama namba zinavyokimbia. Mimi buni ikizidi kidogo tu kwenye moto, pua inaniambia, siangalii saa. Ikizidi naimwaga yote na sisemi na mtu. Wewe umewahi kumwaga petroli kwa sababu haikukufurahisha?

Honi alijipiga paja.

— Shangazi kakushika pabaya!

— Nawe nyamaza, hujatimiza tatu.

— Basi ipimwe! Honi alisema. Pampu, kalete lile kopo lako. Ikionekana kahawa ni ghali kuliko petroli, shangazi arudi kwenye mbili.

Pampu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda kituoni, akarudi akiwa amelikumbatia kopo la shaba la lita moja, lenye muhuri wa watu wa vipimo. Ndilo analotumia kila asubuhi kuhakikisha pampu haiibi. Alilifuta kwa kitambaa mara tatu mbele yao, likang'aa mpaka Sindano akajiona masharubu.

— Hili halijasema uongo tangu lizaliwe, alisema.

Bi Birika aliinama juu ya kopo, akavuta pumzi kama anavyovuta juu ya kikaango, akanyooka.

— Sikilizeni. Ghali au rahisi, mimi sibishani na kopo. Mkiinywa yote mtakayoipima, bei inarudi mbili. Mkishindwa, ni tatu na sitaki kusikia pumzi ya mtu. Na kikombe kikitoka kwenye birika langu, kimeuzwa.

— Lita moja, watu watatu? Honi alicheka. Tutainywa na kulamba kopo!

— Kopo msilambe, alisema Bi Birika. Haya.

Akamimina kikombe kwa kikombe, na Honi akahesabu kwa sauti ya kuita abiria. Kikombe cha kwanza kilimuuma Bi Birika kidogo, kwa sababu ilikuwa kahawa nzuri. Vilivyofuata havikumuuma. Kilipoingia cha kumi na tano, kahawa ikagusa alama, na birika likabaki jepesi mkononi mwake.

— Kumi na tano! Mara tatu, arobaini na tano! Pampu alipaza sauti. Petroli thelathini! Nilisema mimi!

— Mbili, shangazi, mbili! Honi alichota kikombe kilichojaa, akakiinua kwa benchi zima, akapiga funda kubwa.

Funda lilirudi lote kwenye vumbi. Alikohoa, akajifuta ulimi kwa mkono wa shati, macho yamemtoka.

— Petroli! Pampu, umetunywesha petroli!

— Haiwezekani, kopo linang'aa! Pampu alilinusa, na sura yake ikamshuka mpaka kwenye kola.

— Linang'aa kwa macho, alisema Bi Birika. Miaka yote linapimia petroli, unadhani linanuka waridi? Pua yangu ililijua kabla hujalikalisha chini. Haya, kunyweni, mmebakiza kumi na nne.

Sindano alikitazama kikombe chake, akakipindua taratibu juu ya benchi.

— Mimi nilikuwa shahidi tu, alisema.

— Shahidi naye analipa. Vikombe vitano kila mmoja, kwa tatu, na ile moja moja mliyonipunja asubuhi.

Walilipa. Honi alilipa wa mwisho, huku anatema mate, na safari hii kiganja cha shangazi kilijaa kabla hakijafungwa.

Wakati huo akafika mama mmoja mgeni, mkoba begani, amevaa sare ya hospitali na uso wa mtu aliyekesha kazini. Aliwatazama wanaume watatu waliozunguka kopo la shaba kama waliofiwa.

— Habari zenu jamani. Samahani, kahawa hapa ni bei gani?

Pampu alimtazama Honi. Honi alimtazama Sindano. Sindano aliinama kutafuta pini ambayo haikuwa imedondoka.

— Tatu, alisema Bi Birika, mgongo wima, kama anayetaja jina la babu yake. Ila leo imekwisha, mwanangu. Njoo kesho mapema. Hii si ya mahindi.